Lukresia Alisimama Nyuma ya Shigela

Gari la barua halikuwa na desturi ya kumngoja mtu. Lilifika Bariadi kila Jumatano saa nne, likashusha gunia moja, likapakia jingine, likaondoka zake, hata kama anayelikimbilia ana digrii ya Makerere. Na Jumatano moja ya mwezi wa sita, mwaka 1957, anayelikimbilia alikuwa nayo kweli.

Jina lake Januarius Malimi, kijana wa Shishiyu, miaka ishirini na sita. Alivaa suti ya kijivu iliyoshonwa Kampala, tai nyekundu nyembamba, na viatu vyeusi alivyovipiga kiwi kila asubuhi bila kukata tamaa, ingawa vumbi lilikuwa linavirudisha kuwa vya kahawia kabla ya saa tatu. Ilikuwa siku ya mnada. Ng'ombe walijaa barabarani, wauza samaki wa Lamadi walikuwa wametandaza sato wakavu juu ya magunia, na harufu ya samaki na ya mifugo zilikuwa zikigombania pua za watu. Januarius alipita katikati ya yote hayo ameinua bahasha juu, akipiga kelele, "Dereva! Ngoja, dereva!"

Dereva hakungoja. Fahali mmoja akageuza shingo kumtazama mwenye tai, mwenye tai akaruka pembeni, na bahasha ikamponyoka ikatua pale pale fahali alipokuwa ametoka kujisaidia.

Kabla hajainama, msichana mmoja alikuwa ameshaiokota kwa ncha za vidole viwili.

"Inakwenda wapi hii?" aliuliza.

"Dar es Salaam. Kwenye idara ya serikali. Nipe, tafadhali."

"Ni barua ya ngapi?"

"Ya ngapi kivipi?"

"Mtu anayelikimbilia gari la barua hivyo, amevaa tai, hiyo haiwezi kuwa barua yake ya kwanza ya kuomba kazi."

Januarius alitaka kukasirika, lakini uongo ulimshinda. "Ya thelathini na nne."

"Na wamejibu nini?"

"Kwamba jina langu linafikiriwa."

Msichana alicheka mpaka akashika kiuno. Alivaa gauni la zambarau lenye kola nyeupe, mkanda mweupe mpana, na nywele zake zilisukwa mistari membamba iliyokutana kisogoni. "Basi itume hivi hivi ilivyo," alisema akimrudishia. "Ikifika inanuka ng'ombe, labda wataisoma haraka ili waitoe ofisini."

"Wewe unafanya kazi wapi, unayejua sana mambo ya ofisi?"

"Kiwanda cha pamba. Mimi ndiye simu."

"Mtu hawezi kuwa simu."

"Piga, utaona," alisema, akaondoka kati ya ng'ombe bila kuwakwepa, nao ndio waliomkwepa yeye.

Huyo alikuwa Lukresia, binti wa Mzee Zengo wa Nkoma, miaka ishirini na mmoja, aliyefundishwa na masista Kiingereza cha kutosha kupokea simu za kiwanda. Kila msimu wa pamba ulipoanza alihamia Bariadi, na ulipokwisha meza ya simu ilifunikwa kitambaa naye akarudi Nkoma, kulima nusu ekari yake mwenyewe ya pamba iliyomfanya awe mwanachama wa ushirika kama wanaume. Kwa hiyo kijana wetu alikuwa na msimu mmoja tu. Kama angelijua hilo siku ile, pengine angefanya haraka. Lakini wasomi, jamani, wana haraka na gari la barua tu.

Ghala la ushirika lilikuwa na simu moja ya kuzungusha kwa mkono, iliyounganishwa na kiwanda. Karani wa mizani pale aliitwa Shigela, kijana mnene mpole, darasa la nane, asiyejua kumnyima mtu kitu. Januarius akaanza kuwa na sababu za kupita ghalani.

"Haloo, kiwandani."

"Haloo. Naomba kuongea na simu."

"Simu ina kazi. Nani mwenzangu?"

"Ni yule wa barua ya thelathini na nne."

"Ah! Na ya thelathini na tano?"

"Naiandika kesho. Lakini leo nimepungukiwa na maneno mazuri, nikasema niazime kwako mawili matatu."

"Chukua haya: 'Nina njaa, nipeni kazi yoyote.'"

"Hayo si maneno ya mtu wa Makerere, mpenzi."

"Nani mpenzi wako? Weka simu chini, bwana wa Shinyanga anapiga."

Lakini sauti yake ilikuwa inacheka. Kufikia mwezi wa saba alikuwa ameacha kuuliza nani mpenzi wake, na Jumapili baada ya misa walikuwa wakitembea pamoja mpaka kwenye mto, yeye amevua viatu amevishika mkononi, Januarius hakuvua.

Huko mtoni ndiko Lukresia alipomwambia jambo ambalo kijana huyu angeliandika kwa wino mwekundu, kama angekuwa na akili ya kawaida.

"Unajua kazi zinapita wapi?" Aligusa sikio lake. "Zinapita hapa. Nakaa nazo siku nzima. Bwana wa Mwanza anampigia bwana wa Shinyanga, anamwambia, 'Nataka mtu. Kuna mtu unayemjua?' Anajibiwa, 'Yuko mmoja, nimemwona akifanya kazi.' Imekwisha. Tangu niikalie meza ile sijasikia mkubwa akimwuliza mwenzake, 'Kuna mtu aliyeandika barua nzuri?'"

"Kwa hiyo miaka yangu yote Makerere ni bure?"

"Sijasema bure. Nimesema hakuna aliyekuona ukifanya kitu. Umerudi mwaka mzima sasa. Nani hapa Bariadi amekuona ukifanya kitu zaidi ya kupiga kiwi?"

Januarius aliangalia viatu vyake. Iliuma kwa kuwa ilikuwa kweli.

"Nisikilize basi," Lukresia alisema kwa upole zaidi. "Baba yangu ameshaletewa maneno na watu wa Lamadi. Yuko mfanyabiashara wa samaki, Marcelo, ana baiskeli na maduka mawili. Baba anasema, kama kuna mwingine anayenitaka, aje na kazi, asije na karatasi. Na msimu ukiisha mimi narudi Nkoma. Umenielewa?"

"Nimekuelewa."

"Tena wanaushirika wanatafuta katibu. Wale mabwana wakuu wa ushirika walioko Mwanza wamepiga simu kuwahimiza. Kesho nenda ghalani. Usiandike kitu! Wasaidie kubeba magunia, kaa na kina mama mtenge fifi, wakuone."

Fifi ni ile pamba yenye madoa na takataka, ambayo lazima itengwe na pamba safi kabla ya mizani. Ni kazi ya kuchafua vidole na kusikiliza umbea, na mtu anayetaka kujulikana na wakulima wote wa Bariadi kwa wiki moja hana pahali bora pa kukaa.

Sasa mnadhani Januarius alifanya nini? Alikwenda kwa shangazi yake Dorkasi alikokuwa anaishi, akafunga mlango, akaandika ombi la kurasa nne kwa Kiingereza. Mimi ninayewasimulia nimechoka naye kabla hata hamjachoka ninyi.

Mkutano wa wanachama ulifanyika kwenye ua wa ghala, Jumamosi asubuhi. Mwenyekiti alikuwa Mzee Kwandu, mtu mfupi mwenye koti la jeshi lisilo na vifungo. Alizishika kurasa nne za Januarius, akazitazama zote kwa heshima, akazirudisha.

"Mwandiko mzuri sana, ng'wanone, mwanangu," alisema. "Kaa nazo zisije zikachafuka. Sisi hapa hatuchagui kwa karatasi. Anayetaka ukatibu asimame pale mbele. Aseme neno lake. Kisha anayemtaka akasimame nyuma yake. Tutahesabu."

Waliotaka walikuwa wawili tu, Januarius na Shigela. Januarius alizungumza kwa robo saa kuhusu uchumi wa makoloni na bei ya pamba huko Liverpool. Kila alipokwama alichomeka neno la Kiingereza, na wazee wakatikisa vichwa kwa adabu, kama mtu anavyosikiliza misa ya Kilatini. Shigela alipopewa nafasi alijikuna shingo, akasalimia kwa Kisukuma, "Mwadila, wazazi wangu. Mnanijua," akanyamaza.

Watu wakainuka kwenda kujipanga.

Nyuma ya Shigela mstari ukarefuka mpaka ukakata kona ya ghala. Nyuma ya Januarius alikuja shangazi Dorkasi, amejifunga kanga mbili na amekunja uso ili mtu asithubutu kucheka. Baada yake akaja mzee mmoja ambaye baadaye iligundulika alikuwa amefuata kivuli. Januarius hakuwatazama. Macho yake yalikuwa kwa Lukresia, aliyekuwa bado amekaa kati ya wanachama wa Nkoma, karibu na baba yake. Siku hiyo alivaa gauni la kijani na kitambaa cheupe kichwani, na akasimama.

Alianza kutembea kuja mbele. Januarius akatabasamu, akanyoosha tai yake. Alikuwa tayari kukosa ukatibu, lakini mbele ya watu wote hawa mtu mmoja alikuwa anakuja kwake, na hilo lingemtosha.

Lukresia akampita bila kumtazama usoni, akaenda kusimama nyuma ya Shigela.

Hakuna aliyeshangaa isipokuwa Januarius. Wakulima waliendelea kuzungumza habari za mvua. Yeye alikunja kurasa zake nne, akaondoka kabla hawajamaliza kuhesabu, na mtu aliyemwona alivyotembea angedhani amefukuzwa kwa fimbo.

Yaliyofuata ni wiki mbili za upuuzi mtupu.

Simu ya ghala ililia kila asubuhi. "Kaka," Lukresia alikuwa akimwambia Shigela, "mtafute yule mtu, nataka kuongea naye." Shigela, katibu mpya mwenye kazi zake, alikuwa akiacha mizani, anavuka barabara hadi kwa Dorkasi, anarudi anahema.

"Anasema hayupo."

"Amesema mwenyewe?"

"Mwenyewe. Alikuwa anakunywa uji."

"Mwambie yeye ni mjinga."

Shigela akavuka tena barabara, akarudi. "Anasema anajua ni mjinga, ndiyo maana alikuamini. Lukresia, mimi ni katibu wa ushirika! Mkitaka kutukanana tafuteni tarishi!"

Dorkasi naye aliishiwa uvumilivu. Kila akipakua ugali alikuwa anauliza, "Leo umelia vya kutosha au nikupikie na kesho?" Mpwa wake alijibu, "Sengi, niache," na sengi, ambaye ndivyo Wasukuma wanavyomwita shangazi, hakumwacha hata dakika moja.

Mwisho Shigela alikuja mwenyewe, si kwa ajili ya simu. Alikaa kwenye kigoda, akaweka barua tano mezani, zote za Kiingereza.

"Ndugu yangu, nimeshindwa," alisema wazi. "Mimi najua mizani na najua watu. Hizi zinatoka Mwanza, zinataka taarifa kila wiki, jinsi pamba inavyotengwa, inavyohifadhiwa, kila kitu. Mimi Kiingereza changu ni cha kusalimia. Njoo uwe msaidizi wangu mpaka msimu uishe. Kamati imekubali."

Januarius akasimama. Alikuwa ameyaweka maneno haya tumboni siku kumi na nne, yakatoka yote pamoja. "Nifanye kazi chini yako? Umechukua ukatibu, sawa. Umechukua na mwanamke wangu mbele ya macho yangu, kisha unataka nikuandikie barua!"

Shigela alimtazama. Akamgeukia Dorkasi, kana kwamba anauliza kama mtu huyu ana homa.

"Mwanamke gani?"

"Lukresia alisimama nyuma ya nani?"

"Nyuma yangu. Ulitaka asimame nyuma ya nani? Lukresia ni dada yangu! Baba yake na baba yangu wamezaliwa tumbo moja. Hujui?"

Januarius hakujua. Wiki sita za kuongea kwenye simu, na hakuwahi kuuliza nani ndugu wa nani.

"Lakini angeweza kusimama nyuma yangu," alisema, sauti imeshuka. "Ilikuwa kura tu."

Sasa Shigela ndiye aliyekasirika, na watu wapole wakikasirika huwa hawajui pa kukomea. "Kura tu? Wewe ni Msukuma au umetoka Ulaya? Msichana asiyeolewa, baba yake amekaa pale, anatoka mbele ya kijiji kizima anakwenda kusimama nyuma ya kijana asiye ndugu yake! Vijana wakimzunguka msichana gulioni na kumwambia achague, anachagua vipi? Si anakwenda kusimama na anayemtaka? Angesimama nyuma yako, Mzee Zengo angekuwa ameozesha binti yake pale pale, bila wewe kupeleka hata salamu nyumbani kwake. Angemwaibisha baba yake, na wazee wasingekupa kazi hata ya kufagia ghala, wangesema umetuma msichana akuombee. Alinijia mimi kwa sababu kwangu ni salama. Hilo hata watoto wanalijua. Wewe walikufundisha nini huko Makerere, kuongeza au kufuta?"

Dorkasi akagonga mwiko kwenye sufuria. "Msema kweli mpenzi wa Mungu," alisema. "Kaka yangu Malimi aliuza ng'ombe ili aletewe hiki."

Januarius alikwenda kiwandani bila suti, kwa mara ya kwanza. Alimngoja getini mpaka kengele ya mchana ikalia, na Lukresia akatoka amevaa lile gauni la zambarau, akamwona, akapita.

"Lukresia."

"Sipo. Nakunywa uji."

"Nilikosea. Sikujua Shigela ni kaka yako. Sikukumbuka kusimama nyuma ya mtu kuna maana gani. Nimekaa mbali miaka mingi, na niliporudi nikakaa mbali pia."

Alisimama, lakini hakugeuka. "Nilitembea toka kwa baba mpaka kwa Shigela, nimekupita karibu hivi, na moyo ulikuwa unaniuma kama umebanwa na mlango. Nikasema, yeye ataelewa, ni mtu wetu. Badala yake wiki mbili unaniambia hupo! Nakupenda, Januarius, lakini unachosha. Unachosha sana."

"Najua."

"Shigela amekupa kazi. Umemjibu nini?"

"Nilimtukana. Nimetoka kumwomba radhi sasa hivi. Naanza kesho."

Hapo ndipo alipogeuka. Alimtazama shati lililokunjwa mikono na miguu iliyokuwa ndani ya makubazi ya tairi, na uso wake ukalegea, akaanza kucheka na kulia kwa pamoja, jambo ambalo humkera mwanamke kuliko moja peke yake.

Sitawadanganya kwamba alianza kazi kwa furaha. Wiki ya kwanza aliona haya kila mkulima alipomwita "msaidizi wa Shigela". Alikaa na kina mama kutenga fifi, wakamcheka vidole vyake, wakamfundisha. Alisaidia kushindilia pamba kwenye magunia, akatoka mweupe nyusi na kope. Jioni aliandika zile taarifa za Mwanza, na kwa kuwa sasa alikuwa anajua anachokiandika, zilikuwa fupi. Mwezi wa nane aliligundua ghala linavuja kabla mvua haijathibitisha, akapanda juu ya bati mwenyewe. Mzee Kwandu alimtazama kutoka chini, akamletea ngazi ndefu zaidi.

Dorkasi alikwenda Nkoma kumwona Mzee Zengo. Akarudi na jibu.

"Anasema amesikia unafanya kazi vizuri. Lakini hiyo ni kazi ya msimu. Msimu ukiisha unarudi kuwa mtu wa barua. Ukipata ya kudumu, nenda kwake. Na kitu kingine." Alijifunga kanga upya. "Hataki binti yake avuke ziwa. Yule mkubwa, Justina, aliolewa ng'ambo ya ziwa miaka sita iliyopita, hawajamwona tena mpaka leo."

"Mimi sivuki ziwa, sengi. Niko Bariadi."

Mwezi wa tisa, kwenye meza ya simu, bwana wa Mwanza aliomba ghala la Bariadi. Lukresia aliunganisha, na badala ya kuondoka kwenye laini kama alivyofundishwa, alibaki. Kila mpokea simu hufanya hivyo, asiwadanganye mtu.

"Nani anaandika taarifa za ghala lenu?" bwana yule aliuliza.

"Msaidizi wangu," Shigela alisema. "Januarius Malimi."

"Ni mtu wa namna gani?"

"Namwona kila siku. Anafika kabla yangu. Wakulima wanamwuliza yeye kabla ya kuniuliza mimi, nami sioni vibaya."

Wiki iliyofuata bwana yule akapiga tena. Shigela na Januarius walikuwa vijijini kukusanya pamba. "Basi andika wewe," alimwambia Lukresia. "Tunamtaka Malimi awe mkaguzi msaidizi wa vyama vya ushirika. Kazi ya kudumu. Kituo ni Bukoba. Anipigie kabla ya saa nane mchana, Ijumaa ya wiki ijayo, la sivyo namchukua mwingine."

Lukresia aliandika kila neno. Aliposikia Bukoba, ng'ambo ya ziwa, kalamu ilisimama, ikaendelea. Akakunja karatasi, akaitia kwenye mkoba wake. Januarius alipopiga jioni kumsalimu, alimwuliza habari za Nkoma, habari za jua, habari za chakula. Karatasi hakuitaja.

Hakuitaja kesho yake. Hakuitaja siku nane.

Ijumaa ilikuwa siku ya mwisho ya msimu. Mashine za kiwanda zilikuwa zimezimwa, na mzee mmoja alikuwa anafagia nyuzi za pamba sakafuni. Saa saba na nusu simu ya ghala ikalia.

"Januarius?"

"Ndiye. Mbona sauti hivyo? Umelia?"

"Kaa chini."

"Nimesimama, sema."

Akamsomea karatasi yote, tangu neno la kwanza mpaka la mwisho, na tarehe iliyoandikwa juu.

Januarius alisema polepole, "Siku nane."

"Siku nane."

"Lukresia, mimi nimeomba kazi tangu nitoke Makerere. Nimekimbilia magari ya barua kama kichaa. Kazi imekuja, imefika mkononi mwako, ukaificha kwenye mkoba?"

"Ningekuambia ungekwenda."

"Ndiyo, ningekwenda!"

"Na baba hataki nivuke ziwa!"

"Na nisipokwenda sina kazi, na baba yako hataki mtu asiye na kazi! Kwa hiyo uliamua nikose vyote viwili? Akili gani hiyo?"

"Unadhani sijui?" Alikuwa analia waziwazi sasa, mzee wa ufagio akageuzia uso ukutani. "Nimeligeuza hili jambo kila upande, siku nane, silali! Ukienda nakukosa, usipokwenda nakukosa. Nilitaka tu niwe na siku chache ambazo bado hazijafika huko. Nimekosa. Wewe ulinikasirikia nikiwa sina kosa, sasa ninalo, kasirika. Una haki."

"Nimekasirika," Januarius alisema. "Tena sana." Alipumua. "Saa ngapi sasa?"

"Saa nane kasorobo."

"Niunganishe na Mwanza."

Hakumwita mpenzi. Lukresia alifuta macho kwa kola nyeupe, akazungusha, akaita Shinyanga, Shinyanga wakaita Mwanza. Laini ilikuwa inakwaruza. Bwana yule alipokea akiwa na haraka.

"Malimi! Nilidhani hutaki. Nilikuwa nanyanyuka hapa nimpigie mwingine."

"Samahani, bwana. Ujumbe ulichelewa njiani." Hakusema zaidi ya hapo, na Lukresia, kwenye meza yake, akaziba mdomo kwa mkono. "Naikubali kazi."

"Vizuri. Unatakiwa Bukoba tarehe mosi. Sasa, nyumba. Vyumba vya wasio na wake vimejaa vyote. Imebaki nyumba moja, ya mtu mwenye mke. Kama huna mke itabidi usubiri mpaka mwakani. Una mke?"

Lukresia alimsikia Januarius akivuta pumzi na kuiachia. Alijua kijana huyo angeweza kusema hana, na angekuwa amesema kweli, na baada ya siku nane zile nani angemlaumu?

"Malimi? Nimekuuliza, una mke?"

"Bwana," Januarius alisema, "hilo siwezi kulijibu peke yangu."

"Nini maana yake?"

Lukresia alimwona baba yake kichwani, amekaa uani Nkoma, amenuna. Angenuna mwezi. Angenuna miwili. Lukresia angekwenda kwake kesho kwa miguu yake mwenyewe, amwambie mbele ya watu, na kama ni aibu basi angeibeba yeye. Akasogeza mdomo kwenye simu.

"Anaye," alisema.

"Nani huyo anaongea kwenye laini yangu?"

"Mke wake, bwana. Endeleeni kuongea."